Malaria yako imeisha mwaka wa tatu? Rudi ukaangalie ukuta

Jumanne usiku niliandikiwa ujumbe na kijana anayesoma shahada ya uzamili: "Dada, shikamoo. Nikiweka dawa ukoko kwenye modeli yangu, malaria inaisha kabisa mwaka wa tatu. Msimamizi wangu amefurahi, ila mimi roho haijatulia."

Modeli ni programu ya kompyuta inayoiga malaria ya kijiji, na dawa ukoko ni ile inayopuliziwa kwenye kuta za ndani ili imuue mbu anayetua hapo. Nimepita hapo alipo. Tofauti ni kwamba yeye ana wasiwasi. Mimi nilishangilia, nikabeba michoro yangu mpaka Mwanza kuwaonyesha watu.

Ukumbini kulikuwa na wataalamu wa wadudu, maofisa afya wa wilaya na wapuliziaji waliofanya kazi wilaya ya Muleba, Kagera. Mstari wangu mwekundu wa malaria ulipofika sifuri, mzee mmoja aliyekuwa akisimamia timu ya upuliziaji alinyoosha mkono. "Mwanangu, dawa yako inapuliziwa lini?" Tarehe mosi Januari. "Nyumba zote siku hiyo hiyo?" Ndiyo. "Na nguvu yake inaisha lini?" Nikanyamaza, maana kwenye programu yangu haikuwa inaisha. Watu wakacheka, na mwenyekiti akamwita mtoa mada anayefuata. Miaka sita imepita na kicheko kile bado nakisikia.

Wakati wa chai mzee alinifuata, akaniambia, "Njoo uone ukuta." Nikaenda.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya udongo. Mtaalamu alibandika koni ya plastiki ukutani kwa utepe, akaingiza mbu kwa mrija wa kuvutia kwa mdomo, akaangalia saa. Dakika 30. Kisha akawahamishia kwenye kikombe cha karatasi chenye pamba ya maji ya sukari, wasubiriwe mpaka kesho yake. Asubuhi mbu wa nyumba ya saruji ya jirani walikuwa chali wote. Wa ukuta wa udongo wengi walikuwa wamesimama, wanajisafisha miguu. Nyumba zote mbili zilipuliziwa wiki moja, bomba moja, dawa moja. Mama mwenye nyumba akatuonyesha na sebule: walikuwa wamekandika upya kwa sababu wageni wa posa walikuwa wanakuja. Dawa ilikuwa chini ya udongo mpya. Kwenye modeli yangu ukuta ule ulikuwa unaua mbu kama siku ya kwanza.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jambo la kwanza ni kwamba dawa lazima ichoke, na ichoke kwa kasi ya ukuta uliopo. Usichukue namba ya saruji ukaipeleka kijiji cha udongo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa dawa bado inafanya kazi pale inapoua angalau mbu 80 kati ya 100 kwenye kipimo hicho cha koni. Tafuta data za koni za eneo lako, mwezi kwa mwezi, uchore mteremko wako humo.

La pili ndilo lililonitesa zaidi. Nilikuwa nimeiandika dawa ukoko kama chandarua: aliyelala kwenye nyumba iliyopuliziwa haumwi. Si kweli. Mbu anauma kwanza, anashiba, anakuwa mzito, ndipo anatua ukutani kusubiri damu isagike. Dawa inamkuta hapo, na aliyeumwa ameshaumwa. Anayepona ni yule ambaye angeumwa baadaye, pengine jirani asiyepuliziwa kabisa. Piga hesabu: kimelea kinahitaji siku 10 hadi 12 hivi ndani ya mbu, na mbu anatafuta damu kila baada ya siku 2 au 3. Kabla hajaweza kuambukiza ametua ukutani angalau mara tatu. Ukuta ukiua nusu tu kila anapotua, baada ya mara tatu amebaki mmoja kati ya wanane. Ndiyo maana dawa isiyozuia hata mtu mmoja kuumwa leo inaweza kuangusha malaria ya kijiji. Zipo pia dawa zinazomfukuza mbu kabla hajaingia, kama DDT. Tenganisha kufukuza, kuua kabla ya kuuma na kuua baada ya kuuma. OpenMalaria, programu ya kuundia modeli za malaria, inakupa nafasi ya kila kimoja.

Halafu nyumba zilizorukwa. Ukisema asilimia 80 zinafikiwa na kila mwaka kompyuta inachagua nyumba upya kwa bahati nasibu, baada ya miaka mitatu nyumba ambazo hazijawahi kupuliziwa ni 8 tu katika 1,000. Kijijini hazibadiliki hivyo. Aliyekataa mwaka jana anakataa tena, na aliyefunga mlango akaenda shamba la mbali atakuwa huko huko msimu ujao. Zinaweza kubaki karibu 200, na malaria inakaa humo. Nashuku hapa ndipo sifuri yako ilipotoka.

Mbu nao si wa aina moja. Garki, kaskazini mwa Nigeria, miaka ya 1970 walipuliza dawa ukoko ya propoxur kwa bidii kubwa, na vimelea kwenye damu za watu havikupungua sana, kwa sababu mbu wengi walikuwa wanapumzika nje. Muleba kwenyewe mbu walijenga usugu dhidi ya dawa ya mwanzo, ya jamii ya pairethroidi, ikabidi ibadilishwe. Na jaribio lililofanyika huko huko lilionyesha kuwa penye vyandarua vyenye PBO, kemikali inayopunguza usugu wa mbu, kuongeza dawa ukoko ya Actellic hakukuleta nafuu ya ziada, kwa hiyo usizidishe faida ya chandarua kwa faida ya dawa kama vile kila moja inasimama peke yake.

Nilirudia modeli yangu yote, miezi minane. Mstari haukufika sifuri tena. Ulishuka baada ya upuliziaji, ukapanda mvua zilipokuja na dawa imechoka. Mzee yule nilimtumia mchoro kwa simu. Akajibu: "Sasa huyu ni mbu wa kwetu." Nimeuhifadhi ujumbe huo.

Vijana, msimpelekee mganga mkuu wa wilaya sifuri ambayo hamjaitilia shaka. Fedha zake ni chache, na akiwaamini ataacha kupuliza mwaka wa tatu.

Nitumie faili lako. Anza na tarehe ya kupuliza, aina za kuta, na orodha ya nyumba zilizorukwa mwaka jana.