Kabla ya kununua kamera ya kupigia picha ndege, pima umbali

Karibu kila anayeanza kupiga picha za ndege huuliza anunue kamera gani, nami kabla ya kumjibu humuuliza ndege anaowataka wako umbali gani naye. Mwenye kasuku barazani kwake na mwenye kufuata vitwitwi kwenye matope ya Mida, karibu na Watamu, wanahitaji vifaa tofauti kabisa. Fedha nyingi hupotea kwa sababu wa kwanza ameshauriwa kana kwamba ni wa pili, au kwa sababu wa pili amenunua kamera nzuri sana akabaki na lenzi fupi iliyokuja nayo kwenye boksi.

Ipo hesabu moja ambayo ningependa kila mgeni wa kazi hii aijue kabla hajatoa shilingi yoyote. Chukua urefu wa ndege kwa milimita, uzidishe kwa urefu wa fokasi wa lenzi (zile milimita zilizoandikwa juu yake), kisha ugawanye kwa umbali uliopo kati yako na ndege, nao ukiwa kwa milimita. Jibu ni ukubwa wa ndege juu ya sensa, yaani kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea picha. Kwera ana urefu wa sentimita 15 hivi. Akiwa mita 10 kutoka ulipo, lenzi ya milimita 400 itamchora kwa milimita 6, ya milimita 200 itamchora kwa milimita 3, na ile ya milimita 55, ambayo huuzwa pamoja na kamera nyingi za wanaoanza, haitafikisha hata milimita 1. Sensa ya APS-C, iliyomo katika kamera nyingi za bei ya kati, ina upana wa milimita 23 na nusu hivi, na ikiwa ni ya megapikseli 24, yaani nukta milioni 24 za picha, hubeba nukta au pikseli 6,000 katika upana huo, yaani kama pikseli 255 kwa kila milimita. Kwa hiyo kwera wa milimita 6 ana pikseli 1,500, zinazotosha kumchapisha kwenye karatasi kwa sentimita 12 na kila unyoya ukaonekana. Kwera wa milimita 3 anatosha kwa kioo cha simu. Kwera wa lenzi ya boksi ana pikseli 200 tu, na hakuna programu itakayomrudishia jicho ambalo halikupigwa.

Ukiifanya hesabu hiyo mara chache, utaona mwenyewe mambo ambayo wauzaji hawayasemi. Sensa ya ukubwa uleule ikipanda kutoka megapikseli 24 hadi 32, ndege wako anaongezewa kama asilimia 15 tu ya pikseli za urefu wake, ilhali kutoka lenzi ya milimita 250 hadi ya 400 anaongezewa asilimia 60. Utaona pia kwamba kamera yenye sensa kubwa, ile ya milimita 36 kwa 24, inayosifiwa sana na wapiga picha za harusi, humpa ndege yuleyule pikseli chache zaidi kwa lenzi ileile ikiwa megapikseli ni 24, kwa kuwa pikseli zake zimetawanywa kwenye eneo pana. Sensa hiyo ina faida kubwa panapokuwa na mwanga hafifu, lakini hudai lenzi ndefu zaidi, na lenzi ndefu ndizo zinazokula fedha. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza wabaki na APS-C na kuelekeza sehemu kubwa ya bajeti yao kwenye lenzi.

Kuhusu lenzi zenyewe, nitataja chache ambazo hazimwangushi mtu. Namba inayofuata f/ huonyesha tundu la lenzi linalopitisha mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi. Canon EF 400mm f/5.6, iliyotoka mwaka 1993, haina kifaa cha kutuliza mtikisiko, lakini ina uzito wa kilo 1 na robo tu, ina ukali mzuri wa picha na hupatikana kwa mtumba. Nikon 200-500mm f/5.6 ya mwaka 2015 inafika mbali zaidi na ina kitulizo, ila uzito wake unazidi kilo 2, na mkono utausikia ifikapo saa tatu asubuhi. Kwa wenye kamera mpya za Canon zisizo na kioo cha ndani, RF 100-400mm ina gramu 635 na inaingia kwenye mkoba wa kawaida; udhaifu wake ni kwamba kwenye milimita 400 tundu lake halifunguki kupita f/8, hivyo ndani ya msitu kama Arabuko-Sokoke itakulazimisha kupandisha sana ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga.

Kuna pia kamera zenye lenzi isiyobadilishwa, ambazo wengi huvutiwa nazo kwa sababu ya zumu yake. Nikon P900 ya mwaka 2015 inavuta kwa kiwango kinacholingana na lenzi ya milimita 2,000 kwenye sensa ile ya milimita 36 kwa 24, na kwa mtu anayetaka kumtambua ndege, kuandika jina lake na kutunza kumbukumbu, ni chombo chenye manufaa makubwa. Sensa yake hata hivyo ina upana wa milimita 6 tu, na haitoi picha ghafi (RAW, yaani ambayo kamera haijaichakata), kwa hiyo asubuhi na mapema, au chini ya kivuli cha mwembe, manyoya huvurugika na kuwa kama rangi iliyopakwa kwa brashi. Anayetaka picha ya kutundika ukutani ajue hilo kabla ya kununua.

Baada ya lenzi, mwili wa kamera unafaa utafutwe kwa jambo moja zaidi ya mengine yote, nalo ni jinsi unavyoshika fokasi. Kamera za miaka ya karibuni, kama Canon R7 ya mwaka 2022, hulitambua jicho la ndege na kulifuata lenyewe, na huo ni msaada mkubwa kuliko pikseli zozote za ziada, kwa kuwa picha ya ndege ambaye jicho lake limefifia huwa haina uhai. Nikon D500 ya mwaka 2016 haina uwezo huo wa kutambua jicho, lakini fokasi yake bado ni ya kuaminika na hupiga picha 10 kwa sekunde.

Sasa nije kwa wenye ndege wa kufugwa, ambao mara nyingi husahauliwa. Kwao lenzi ndefu inaweza kuwa kikwazo, maana EF 400mm niliyoitaja haishiki fokasi kwa kitu kilicho karibu kuliko mita 3 na nusu, na sebule nyingi haziruhusu umbali huo. Lenzi ya milimita 50 au 85 yenye tundu la f/1.8 inatosha, na ile ya milimita 50 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote madukani. Isogeze hadi karibu igusane na nyaya za tundu la ndege, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, na usubiri ndege akae upande wa nyuma. Nyaya zitafifia hadi zisionekane. Zikiwa zinamulikwa na jua zitaacha utando mweupe juu ya picha nzima, kwa hiyo zitie kivuli kwa kitambaa cheusi upande ulipo wewe. Weka tundu la ndege karibu na dirisha, kwa sababu taa za umeme wetu wa hezi 50 huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na ukipiga kwa kasi ya 1/500, yaani sehemu moja ya 500 ya sekunde, chini ya taa nyingi za LED utapata mistari ya giza au rangi zinazobadilika picha hadi picha. Fleshi usiitumie, kwani humshtua ndege. Kasuku wengi huiogopa lenzi nyeusi inayowaelekea kama jicho kubwa, hivyo iache kamera juu ya meza karibu nao kwa siku kadhaa, mpaka waizoee na kuendelea kula bila kuijali.

Kwa ndege wa porini, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ndiyo huamua. Ndege aliyetulia tawini hupigwa vizuri kwa 1/500, kwera anayefuma kiota anahitaji 1/1000 na zaidi, na mbayuwayu angani, au chozi anayepapatika mbele ya ua, anahitaji 1/2000 au zaidi. Iache ISO ijipandishe yenyewe, wala usiiogope 1600 au 3200, kwa kuwa chembechembe za ISO hupunguzwa baadaye kwa programu, bali mtikisiko haurekebishiki. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda upesi, na mwanga mzuri hauvuki saa tatu asubuhi kwa muda mrefu. Baada ya hapo, kwenye maeneo tambarare kama ukingo wa Ziwa Manyara au Natron, joto linalopanda kutoka ardhini huifanya hewa icheze, na heroe walio mbali hutoka kama wameyeyuka hata kwa lenzi ya bei ghali kuliko zote. Wengi hudhani lenzi ni mbovu na kuirudisha dukani, ilhali dawa ni kurudi alfajiri, au kumkaribia ndege kwa kujificha, na gari lililosimama na kuzimwa ni maficho mazuri sana. Kwenye kiota lakini usikaribie: ukimwona mzazi ameshika chakula mdomoni na anazungukazunguka bila kuingia, rudi nyuma mpaka aingie.

Wengi wetu hununua vifaa vya mtumba, na hakuna aibu yoyote katika hilo ikiwa vimekaguliwa. Nenda dukani na kadi yako ya kumbukumbu na tochi. Imulike lenzi kutoka nyuma, uitazame kwa mbele ikiwa tundu liko wazi: vumbi kidogo halina madhara, lakini nyuzi nyembamba zinazosambaa kama mizizi ni ukungu, na lenzi iliyoishi Mombasa, Tanga au Unguja bila kutunzwa huwa nao mara nyingi. Zungusha zumu yote usikilize kama kuna mkwaruzo wa mchanga. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, uupige picha tundu likiwa wazi kabisa, kisha uikuze picha na kulinganisha herufi za pembe ya kulia na za kushoto. Upande mmoja ukiwa umefifia, huenda lenzi iliwahi kuanguka. Kwa kamera za Nikon, idadi ya picha zilizokwisha kupigwa imeandikwa ndani ya faili la picha na programu za bure huisoma. Kwa kamera nyingi za Canon haimo, kwa hiyo itazame mipira ya mshikio na maandishi ya vitufe, kwa kuwa kilichofutika kimetumika sana.

Ukishaifikisha lenzi nyumbani, na hasa ukiishi pwani, usiifungie kwenye mkoba wa ngozi wala kabatini. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na pakiti za silika, uzikaushe kwa joto la wastani zinapobadilika rangi, na uitoe lenzi mara kwa mara ipate mwanga na hewa kavu.