Wingu lina waya: kwa kijana wa Pemba anayeitaka kazi ya klaudi

Jumamosi moja niliingia darasani, kwenye skuli moja hapa Wete, nimebeba kompyuta bovu begani. Niliiomba kwa mjomba wangu, ambaye kwa miaka aliigeuza kibao cha kuwekea redio. Nikaiweka juu ya meza, nikafungua skrubu, nikavua ubavu mmoja, na cha kwanza kudondoka kilikuwa mjusi kafiri, mkavu kama karafuu ya siku sita juani. Darasa zima likaangua kicheko. Nilipoona wametulia nikaanza kuwapitishia vipande mkono kwa mkono: hiki ndicho kinachofikiri, hii kumbukumbu, hii diski, na hii feni iliyovaa koti la vumbi. Nikawaambia, "Hili ndilo wingu, au klaudi: kompyuta za wengine unazozikodi ukiwa mbali. La wenyewe halina mjusi tu."

Msichana mmoja wa nyuma kabisa akanyoosha kidole. "Maalim, kama ni kompyuta, kwa nini waliite wingu? Na liko wapi hasa?"

La jina ni jepesi. Zamani mafundi wa mitandao walipochora michoro yao, sehemu wasiyohitaji kuieleza waliichorea kiwingu wakaendelea na kazi. Kiwingu kikabaki. Lakini swali la pili ndilo lenye elimu ndani yake, na watu wengi wenye vyeti vyao hawajawahi kujiuliza.

Liko Afrika Kusini, nikamjibu, ukitaka la karibu nasi. Amazon walifungua vituo vyao vya data, yaani majengo yaliyojaa kompyuta za kukodisha, Cape Town mwaka 2020. Microsoft waliwatangulia, wao walifungua Johannesburg mwaka 2019, na Google wakaja Johannesburg mwaka 2024. Ukikodi mashine kule, kila herufi unayoibonyeza hapa Wete inavuka bahari kwenda bara, inaingia kwenye mkongo, waya wa intaneti uliolala chini ya Bahari ya Hindi, na kuteremka nao hadi kusini, kisha jibu linarudi kwa njia ile ile kabla hujapepesa jicho. Anayedhani mambo haya yanaelea hewani akumbuke Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nyingi za Afrika Mashariki. Wingu lina waya. Waya ukikatika, utaliona wingu kwa macho ukitazama juu, basi.

Sasa nije kwenye nilichotaka kusema. Vijana wananiandikia kila wiki wakiuliza wasome cheti gani. Mimi huwauliza kama wanajua umeme wa nyumbani kwao unatoka wapi. Wao hudhani nawatania.

Nilikuwa nasoma Unguja Disemba 2009 umeme ulipokatika kisiwa kizima, na haukurudi mpaka Machi 2010. Waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara ulikuwa umeharibika. Anayekumbuka siku zile anakumbuka sauti: kila duka la soko la Darajani na jenereta lake mlangoni, moshi, mafuta ya kugombania, na fundi mmoja anayeitwa na watu ishirini kwa wakati mmoja. Mwenye duka la vitambaa alilazimika kujua mambo ya plagi na oili. Umeme uliporudi, yale majenereta yaliingia stoo, na mwenye vitambaa akarudi kwenye vitambaa vyake.

Kabla ya klaudi, dunia ya kompyuta ilikuwa Darajani ya wakati ule. Kila ofisi ilinunua sava yake, yaani kompyuta ya kuhudumia kompyuta nyingine, ikaitafutia chumba, kiyoyozi, na mtu wa kukesha nayo. Amazon walipoanza kukodisha hifadhi na mashine kwa umma mwaka 2006, walichofanya ni kama kuvuta waya mmoja mkubwa: wewe chomeka, tumia, lipa ulichotumia. Hilo ukilielewa, umeshaelewa nusu ya somo. Nusu ya pili ni kwamba waya mmoja hautoshi, na hilo pia miezi ile ilitufundisha. Ndiyo maana Cape Town hakuna jengo moja. Kuna kanda tatu zilizotenganishwa, moja ikizimika nyingine ziendelee. Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud kiliungua moto kule Strasbourg, Ufaransa, na wateja waliokuwa na nakala moja tu, ndani ya jengo lile lile, walibaki na majivu. Kukodi hakukuondolei akili ya kuweka nakala pahala pengine.

Mwenye shamba la karafuu hahitaji hata mfano wa umeme. Msimu ukifika unaita wachumaji wengi, unawalipa kwa walichochuma, na ukiisha kila mtu anakwenda zake. Hakuna anayelisha wachumaji arubaini mwaka mzima kwa ajili ya wiki chache za kuchuma. Kuongeza mashine wakati wa kishindo na kuzipunguza kishindo kikipita ndiyo sababu kubwa ya kampuni kuhamia huko, na wazee wetu waliijua hesabu hiyo zamani.

Mimi niliijua kwa tabu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hoteli moja ya pwani ya mashariki, Unguja. Sava yao ilikaa stoo ya mashuka, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kiyoyozi, na hewa ya chumvi ilikuwa imeila kutu mpaka skrubu hazizunguki. Tarehe 27 Disemba, hoteli imejaa hadi dari, diski ikafa. Nakala ya mwisho ilikuwa ya Oktoba. Mapokezi wakatoa daftari la kaunta na kalamu, na usiku ule familia mbili zilipewa ufunguo wa chumba kimoja. Siku mbili nililala juu ya mashuka nikijaribu kufufua kitu kilichokwisha kuzikwa. Baada ya mwaka mpya, mwenye hoteli mwenyewe ndiye aliyesema tukodi. Tukakodi. Disemba iliyofuata tulitumia mashine mbili, na masika, pwani ilipokuwa tupu, tukabaki na moja ndogo ya bei ya soda chache kwa wiki.

Lakini mfano wa umeme una pahala unapovunjika, na mimi nilivunjika nao. Nyumbani tunatumia Tukuza, umeme wa kulipia kabla: unanunua yuniti, zikiisha taa zinazimika, unapata adabu papo hapo. Akaunti ya klaudi ya kulipia haizimi kitu. Inahesabu tu.

Mwaka 2019 nilikuwa najifunzia hifadhidata. Kwenye orodha ya mashine nilichagua kubwa, sababu yake naona haya kuisema: jina lake lilinivutia. Bei ilikuwa senti 70 za dola kwa saa. Senti 70! Nikaona si kitu. Nikaiwasha Alkhamisi, nikajaribu mambo yangu mawili matatu, nikafunga laptopu, nikapanda boti kuja Pemba kula sikukuu. Nilikaa siku 12. Nilikula biriani, nilizuru jamaa Mkoani na Micheweni, nilifanya yote isipokuwa kuizima ile mashine. Kufunga laptopu hakuzimi kitu kilichoko Afrika Kusini. Leo naliandika kama jambo la wazi, siku zile kichwani mwangu halikuwa wazi hata kidogo. Piga hesabu mwenyewe: 0.70 mara saa 24 mara siku 12. Dola 201 na senti 60, zaidi ya laki nne na nusu za wakati ule, na mshahara wangu ulikuwa haufiki huko kwa mbali. Niliandika barua pepe ya kuomba radhi, Kiingereza changu kikitetemeka, wakanipunguzia nusu. Nusu nyingine niliilipa kwa miezi mitatu, na mama hajui mpaka leo, labda asome hapa.

Kwa hiyo somo langu la kwanza kwa wanafunzi huwa kengele ya bajeti. Kabla ya mashine, kabla ya chochote, ingia sehemu ya bili, weka onyo la dola moja, na lilete kwenye barua pepe unayoifungua kweli. La pili ni kujua kwamba kuzima si kufuta. Mashine ukiizima, diski yake inaendelea kulipiwa, na anwani ya IP ya umma uliyoikalia, ile namba ya kuipata mashine kwenye intaneti, nayo ina bei yake. Zima, futa, rudisha. La tatu ni funguo za siri: usizibandike ndani ya msimbo wa programu yako ukaupeleka GitHub, tovuti ambako watu huweka misimbo yao. Kuna programu zinazozunguka usiku na mchana zikiokota funguo za watu, na zikiupata wako zitawasha mashine ambazo bili yake itaifanya yangu ionekane sadaka.

Kadi ya benki ndiyo inayowakwamisha wengi. Mwanafunzi wa chuo mwenye barua pepe ya chuo anaweza kuomba Azure for Students, klaudi ya Microsoft kwa wanafunzi: unapewa dola 100 za kutumia bila kutoa kadi, na zikiisha huduma zinasimama zenyewe, kama Tukuza. Aliye skuli bado, aanze na Google Cloud Shell. Ni Linux kamili, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi za klaudi, ndani ya kivinjari, bure, na haigusi kadi. Hata simu ya Android inatosha kuanzia. Weka Termux, programu ya kuandikia amri za Linux, uanze kuzoea. Wengi hawaamini nikiwaambia kwamba kazi hii haili bando. Maandishi meusi na meupe hayana uzito. Kinachomaliza bando ni video za kujifunzia, na humo nusu saa nzima mtu anasalimia na kuomba ujiunge na ukurasa wake.

Nini cha kusoma? Linux kwanza. Uweze kuingia kwenye mashine usiyoiona, ujue uko folda gani, nani ana ruhusa ya kugusa faili gani, na kwa nini huduma imegoma kuwaka. Halafu mitandao: anwani ya IP ni nini, porti ni nini, DNS inafanya kazi gani. Mimi nilikuwa na daftari nililoandika kila kitu kwa Kiswahili cha nyumbani. Porti ni mlango; nyumba moja, milango mingi, 22 wa fundi, 443 wa wageni, na mwingine wowote usiojua kazi yake ufungwe. Maelezo mengi ya kampuni hizi ni ya Kiingereza na huwezi kuyakwepa, lakini usidanganyike kwamba umeelewa jambo kwa kuwa umelikariri kwa Kiingereza. Jieleze kwa lugha uliyonyonyea. Ukikwama, hujaelewa. Python kidogo, lugha ya kuandikia programu, na Git, chombo cha kutunza mabadiliko ya msimbo, vitakuja njiani.

Vyeti sivichukii. Mtihani wa mwanzo wa Amazon, ule wa Cloud Practitioner, ni dola 100, na mtu mwenye bidii anaweza kujiandaa kwa miezi miwili. Ila nimekaa upande wa pili wa meza, nikisaili watu. Mwenye vyeti vitatu namuuliza, "Tovuti yako imegoma kufunguka, unaanzia wapi?" Ananitazama. Kijana mwingine hana cheti, lakini aliwahi kuitengenezea madrasa yao ukurasa wa ratiba na ukaanguka Ramadhani, wakati watu wanauhitaji. Yeye anaanza kunisimulia alivyohangaika, na namwacha aseme mpaka chai inapoa. Huyo ndiye niliyemchukua.

Kazi zenyewe msizitafute kwa jina. Visiwani hapa ni nadra kuona tangazo limeandikwa "mhandisi wa klaudi". Utamkuta akiitwa ofisa tehama kwenye benki, kwenye mahoteli, au ndani ya mifumo ya serikali. Wapo pia wanaokaa Pemba na kufanyia kazi kampuni za mbali, ingawa kufika huko kulinichukua miaka, na anayekuuzia kozi ya wiki sita yenye ahadi hiyo mwulize yeye mwenyewe anafanyia wapi. Siku ya kawaida haina sinema. Nasoma maonyo ya usiku, naandika faili zinazoeleza mashine ziweje ili nisizijenge kwa mkono, napunguza ruhusa za watu waliopewa nyingi mno, nabishana kuhusu bili. Mara chache simu inalia saa nane za usiku. Siku hiyo unashukuru ulivyoweka nakala, au unakumbuka harufu ya mashuka.

Yule msichana wa nyuma alinifuata baada ya darasa akaomba ile diski mbovu, nikampa. Wiki mbili baadaye kaka yake, anayesoma chuo, alifungua akaunti ya wanafunzi, wakawa wanajifunza pamoja jioni. Wakaweka ukurasa mdogo wa bei za samaki wa soko la Wete, ukakaa hewani siku nne. Juzi usiku ujumbe ukaingia kwenye simu yangu, hauna salamu: "Maalim, mashine tumeizima. Diski tumefuta. Anwani tumerudisha. Bili inasema sufuri lakini tutaangalia tena kesho."