Kuzima efekti hakupunguzi mzigo wa prosesa: jibu kwa mpiga solo wa Masasi

Mkuu, umeuliza kwa nini mashine yako ya efekti (ile inayobadilisha sauti ya gitaa) inaikataa riverbu, yaani mwangwi kama wa ukumbini, kwenye sehemu ya mwisho ya kupakia efekti, wakati efekti tatu kati ya zilizotangulia umezizima. Umesema unapiga solo kwenye bendi huko Masasi, gitaa linaingia moja kwa moja kwenye mikisa, na unataka priseti moja, yaani mpangilio mmoja wa efekti uliohifadhiwa, ikutoshe usiku mzima; kwenye orodha yako kuna efekti ya kubadilisha pichi na ampilifaya mbili za kuiga, na wengine wamekwisha kukupa ushauri wao. Mimi nipo Mtwara mjini, napiga solo kwenye harusi na hotelini, huu mwaka wa tisa. Tatizo lako limenisumbua sana kabla sijalielewa, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

Kwenye mashine nyingi, efekti iliyozimwa inakula prosesa, ile chipu inayopiga hesabu za sauti, sawasawa na iliyowashwa. Hapo ndipo wengi tunapopotea. Ukiingiza gari kwenye kivuko cha Msangamkuu halafu ukazima injini, uzito wa gari uko palepale. Nafasi inapatikana gari likishuka. Kwenye mashine, kushuka ni kuitoa efekti kabisa, sehemu yake ibaki tupu.

Na waliozitengeneza hivyo wana sababu nzuri. Efekti inatengewa nguvu yake tangu inapopakiwa ili ukiikanyaga katikati ya wimbo iitike hapohapo, sauti isikatike. Kama mashine ingesubiri ukanyage ndipo itafute nafasi, siku moja ungekanyaga distosheni (efekti ya kukwaruza sauti) ya solo watu wakiwa uwanjani wanacheza, ukaambiwa nafasi hakuna.

Kikomo chenyewe kinatokana na muda. Mashine nyingi hupima sauti ya gitaa mara 48,000 kwa sekunde. Ukigawanya, kwa kila kipimo prosesa ina wastani wa takriban mikrosekunde 20.8 za kumaliza hesabu za efekti zote, kuanzia kompresa (ya kusawazisha nguvu ya sauti) hadi riverbu. Simu ikizidiwa kufungua picha, unasubiri. Noti uliyokwisha kuipiga haiwezi kusubiri. Prosesa ikichelewa, sauti inapasuka. Kwa hiyo mashine hupiga hesabu mapema, na ikiona mzigo utazidi inakataa kupokea, au inaipitisha sauti kwenye ile efekti bila kuifanyia kitu.

Hiyo tabia ya pili ndiyo iliyoniumiza. Ilikuwa harusi Mikindani, msimu wa korosho, ukumbi umejaa. Wakati wa kupima sauti nilibadilisha ampilifaya ya kuiga (efekti inayoiga sauti ya ampilifaya halisi), nikaweka nyingine niliyoipenda zaidi, nikageuka kuongea na fundi mitambo. Skrini ikatoa ujumbe wake kwa sekunde chache, sikuuona. Tulipofika kwenye sebene nikaanza kuchambua kule juu kwenye shingo ya gitaa, na kila noti ikafa palepale ilipozaliwa. Kavu kabisa. Nikaongeza sauti, ikazidi kukwaruza masikio; mpiga ridhimu akanigeukia. Nilipoinama kwenye skrini, taa ya dilei, efekti inayorudia noti baada ya muda mfupi, ilikuwa inawaka kama kawaida lakini jina lake halipo. Dilei haikuwamo. Nilimaliza zile nyimbo mbili nikiwa natetemeka mkono, maana sebene bila dilei ni kama ngoma iliyolegea ngozi: unapiga na haikujibu.

Kesho yake usiku, nyumbani Chuno, nilichukua daftari na priseti tupu. Nikawa napakia efekti ileile mara nyingi hadi mashine ikatae, naandika idadi. Kompresa, ikwalaiza na geti ya kuzuia kelele zilijaza sehemu zote bila tatizo. Korasi na dilei ya kawaida vilevile. Riverbu ya ukumbi ziliingia tatu, ya nne ikakataliwa. Ile riverbu yenye oktavu inayopanda kama kwaya iliingia moja tu. Ampilifaya ya kuiga pamoja na kabineti yake (sanduku la spika, nalo la kuiga), mbili. Kwenye mashine yako namba zitatofautiana, lakini fanya jaribio hili leo usiku; ni saa moja tu ya kazi na utaijua mashine yako kuliko kusoma kitabu chake.

Ukijua kwa nini nyingine ni nzito, utaweza kukisia hata bila daftari. Dilei inahitaji zaidi kumbukumbu: inahifadhi sauti, inairudisha baadaye, hesabu yake ni ndogo. Riverbu ni dilei nyingi fupifupi zinazolishana kwa pamoja, na kila moja ina vichujio vyake. Ukiiongezea kubadilisha pichi, yaani kupandisha au kushusha noti, kama ile ya oktavu, umeweka kazi mbili nzito ndani ya moja. Kubadilisha pichi ya kodi nzima (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ni mzigo kuliko ya noti mojamoja. Ampilifaya ya kuiga ni nzito kwa sababu distosheni ya kidijitali huzaa sauti chafu zisizolingana na noti, na ili kuziepuka prosesa inapiga hesabu kwa kasi ya mara nne, mara nane au zaidi ya kawaida, halafu inarudisha chini.

Halafu kuna kabineti. Wengi mnapakua mafaili ya IR mtandaoni, yaani mwitikio wa spika uliorekodiwa. Faili la vipimo 1024, likikokotolewa kwa njia ya moja kwa moja, linataka kuzidisha mara 1024 kwa kila kipimo cha sauti. Kwa 48,000 kwa sekunde hiyo ni zaidi ya milioni 49. Lile la 2048 ni mara mbili yake. Zipo mbinu za kupunguza hesabu hiyo, ila refu hubaki ghali kuliko fupi. Vipimo 1024 ni kama milisekunde 21 za sauti, na kwa gitaa linalotokea kwenye spika za ukumbini hizo zinatosha kabisa. Niliwahi kuwapigia wenzangu zote mbili bila kuwaambia ipi ni ipi, hakuna aliyetofautisha. Kama mashine yako inaruhusu kuchagua, chukua fupi. Usiitoe kabineti moja kwa moja, maana wewe unaingia kwenye mikisa na distosheni bila kabineti inalia kama nyuki kwenye debe. Anayechomeka kwenye ampilifaya halisi ya gitaa ndiye anaweza kutoa kabineti, na mara nyingi hata ampilifaya ya kuiga, akabaki na nafasi tele.

Sasa stereo, yaani sauti tofauti kulia na kushoto. Kumbi zetu nyingi huku kusini spika za kulia na kushoto zinatoa sauti moja. Ukiwa na riverbu ya stereo, na kila kilicho mbele yake ni stereo, unalipia njia mbili za hesabu ili fundi azijumlishe kuwa moja. Na hasara haiishii hapo: korasi pana ya stereo ikijumlishwa inaweza kujifuta kwa sehemu, sauti ikapwaya. Weka mono (njia moja ya sauti) kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Riverbu yenyewe pia unaweza kumwachia fundi mitambo. Mikisa nyingi za kumbini zina riverbu ndani yake. Nenda kwake mapema kwa heshima, sema, "Kaka, naomba unitilie riverbu kidogo kwenye gitaa, isizidi ya mwimbaji." Kwenye sherehe ambako mshereheshaji ana mwangwi wa kufa mtu, gitaa kavu kidogo lenye dilei safi linasikika vizuri zaidi.

Kuhusu priseti moja ya usiku mzima, nakushauri uachane nayo. Tatizo la kubadilisha priseti ni kwamba mashine nyingi hunyamaza kidogo zinapohama, na mkia wa dilei unakatwa. Kwa hiyo usihame katikati ya wimbo. Hama kati ya wimbo na wimbo, na ndani ya wimbo tumia swichi za mguu kuwasha na kuzima. Mimi nina priseti ya rumba, ya injili na ya taarabu. Kila moja ina efekti nne au tano zinazotumika kweli.

Aliyekushauri ugawanye njia ya sauti ndani ya mashine iwe mbili ili upate nguvu zaidi, hilo linategemea mashine. Mashine ya Line 6 Helix ina prosesa mbili, njia ya kwanza ina yake na ya pili ina yake, kwa hiyo kuhamishia riverbu njia ya pili kunasaidia kweli. Lakini ukiigawa njia moja matawi mawili, matawi yote yanakula prosesa ileile. Ndugu yake mdogo, HX Stomp, ina prosesa moja; programu yake ya 3.0 iliongeza idadi ya efekti kutoka sita hadi nane, lakini chipu haikubadilika. Unaweza kuwa na sehemu tupu na bado ukakataliwa.

Na aliyesema prosesa ikijaa itaungua, hapana. Kujaa ni kikomo cha hesabu, hakuidhuru mashine. Ukisikia mikwaruzo, kagua kwanza adapta kama ina voti na miliampia zinazotakiwa, halafu jeki. Hapa pwani chumvi inakula jeki haraka. Zangu nazifuta kila mwezi kwa kitambaa na dawa ya kusafishia vifaa vya umeme.

Kwa priseti yako uliyoiorodhesha: toa ile pichi, umesema unaitumia wimbo mmoja tu, itengenezee priseti yake. Toa moja kati ya ampilifaya mbili. Kompresa na ampilifaya safi vinatosha kwa sebene, na distosheni iwe pedali ya kuiga, ambayo mara nyingi ni nyepesi kuliko ampilifaya nzima. Dilei mono, kama milisekunde 350, mirudio miwili au mitatu. Halafu jaribu kuweka ile riverbu. Ikiingia, kaa kimya uiangalie skrini sekunde tano kabla hujagusa kitu kingine, na uniandikie hapa mashine imesemaje.