Jibu: Mdogo wangu yuko seli Kisumu tangu Ijumaa jioni

Pole sana, dada. Umesema hamjaambiwa kosa, na askari mmoja anataka pesa ya dhamana bila risiti.

Kwanza pata namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Uliza pale kaunta ameandikwa kosa gani na saa ngapi. Bila hiyo hata wakili hana pa kuanzia. Mimi huiandika papo hapo, pamoja na namba ya huduma ya askari wa zamu.

Pesa taslimu ya dhamana ina risiti rasmi, na hurudishwa kesi ikiisha kama mshtakiwa alihudhuria. Bila risiti usitoe hata shilingi, tafadhali. Omba kumwona OCS, mkuu wa kituo.

Kuhusu zile saa 24 za kumfikisha aliyekamatwa kortini: Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema zikiishia nje ya saa za korti, afikishwe siku ya korti inayofuata, yaani Jumatatu. Kwa hivyo pambania dhamana ya polisi leo. Mwambie asisaini taarifa yoyote kabla ya kuongea na wakili. Kunyamaza ni haki yake.

Na kama hajafika miaka 18, sisitiza atengwe na watu wazima.