Macho kuingia giza baada ya tizi kali: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza kwa nini macho yanaingia giza sekunde chache ukimaliza mbio za kasi, na kama ni damu inapungua machoni. Ndiyo, inapungua. Ila kuna hatari nyingine kubwa kuliko hiyo, na mimi ndiyo iliyonipata.

Mimi ni mtu wa vyuma. Mwaka juzi nilikuwa nanyanyua kilo 140 kutoka chini. Mara ya nne ikagoma magotini. Nikabana pumzi, nikakaza tumbo, nikaivuta hivyo hivyo. Nilipoishusha tu, doa la kahawia likakaa katikati ya jicho la kushoto. Nafikicha, lipo. Namtazama mwenzangu, mabega nayaona, uso hakuna. Nikifumba jicho la kushoto, uso unarudi. Niliogopa sana.

Daktari wa macho alinitia matone ya kupanua mboni, akachungulia. Kijishipa kilikuwa kimepasuka kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, na damu imetuama pale pale tunapotumia kusoma na kutambua sura za watu. Alinieleza hivi: ukibana pumzi na kukaza, presha ya kifua inapanda ghafla, damu inayoshuka kutoka kichwani inakosa njia ya kurudi moyoni, inajazana hadi kwenye vijishipa vya jicho. Chembamba kimoja kinaachia. Hata kikohozi kikali, kutapika au kusukuma choo kigumu kunaweza kufanya hivyo. Hakunipasua. Aliniambia nisinyanyue kitu na nilale kichwa kikiwa juu kidogo. Damu ilinyonywa taratibu. Wiki ya saba ndipo niliposoma meseji kwa jicho hilo.

Sasa mbio zako. Unapokimbia, moyo unasukuma kwa nguvu, lakini mishipa ya retina inajibana yenyewe ili damu isiingie kwa fujo. Ukifika kikomo unahema mno, hewa ya kaboni dioksidi inapungua mwilini, na mishipa hiyo inazidi kusinyaa. Halafu unasimama ghafla: damu inabaki miguuni, presha inashuka. Jicho lina presha yake ya ndani, kwa kawaida milimita 10 hadi 21 za zebaki, na damu lazima iishinde ndipo iingie. Ndiyo maana macho huzima kabla hujazimia. Usisimame ghafla, tembea dakika tano.

Mazoezi ya kukimbia au kuendesha baiskeli kwa wastani hushusha presha ya jicho, kwa hiyo usiyaache. Wa kujihadhari zaidi na vyuma vizito ni mwenye kisukari kilichokwisha gusa retina. Mwenye presha ya macho iliyo juu naye asikae kichwa chini miguu juu, maana mkao huo huipandisha sana.

Mimi nimerudi kwenye vyuma. Naishia kilo 100, na mwenzangu anasimama pembeni ananiambia "toa!" kila chuma kinapopanda, nami natoa pumzi kwa mdomo.

Ndugu yangu, kama giza linakuja jicho moja tu, au unaona doa, vimulimuli au kama pazia linashuka, usisubiri majibu ya humu. Nenda leo, na waombe wakupanulie mboni.