Niliacha Biashara Nikahamia Fizikia: Utajuaje Wakati Wako Umefika

Nafundisha fizikia katika shule moja ya upili hapa Eastlands, Nairobi. Wanaonijia kutaka ushauri si wanafunzi wangu tu. Wengi ni vijana walioingia chuo, wako mwaka wa kwanza au wa pili wa biashara, sheria au kompyuta, na usiku wanatazama video za mashimo meusi kwenye simu hadi saa nane. Swali lao ni moja: "Mwalimu, nihame sasa au nimalize kwanza hii niliyoanza?"

Mimi nilihama nikiwa na miaka 21, katikati ya mwaka wa pili wa shahada ya biashara. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, nilikuwa nimepata B+ ya hisabati na B ya fizikia, lakini nyumbani ilishaamuliwa kwamba nitakuwa mhasibu. Baba alikuwa amelipa hadi karo ya CPA, ile mitihani ya uhasibu.

Kilichoniamsha ni maharagwe. Tulipohama Mombasa kuja Umoja nikiwa mdogo, Mama alilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba maharagwe ya Nairobi hayaivi. Alibadilisha muuzaji, akabadilisha sufuria, akalaumu makaa. Nikiwa na miaka 20 nilinunua kitabu cha fizikia kilichochakaa kwa wale wauzaji wa vitabu vya kando ya barabara, wale tunaowaita "inama". Humo nikasoma kwamba maji huchemka pale mvuke wake unapolingana nguvu na hewa inayoyakandamiza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ukiongeza makaa hayapandi zaidi, yanakauka tu. Mama hakuwa na kosa, na muuzaji pia hakuwa na kosa. Usiku huo sikupata usingizi.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kukosa usingizi kunatosha. Nilianza kukwepa madarasa ya uhasibu, nikaanguka mitihani miwili, na fizikia yenyewe nilikuwa nikiisoma kama hadithi. Moto wa namna hiyo huwaka kwa yeyote anayesikia habari za nyota. Haukuambii kama utaweza kukaa na fizikia miaka minne.

Kinachokuambia ni maswali, yale ya mwisho wa sura. Chukua kitabu cha mekanika, yaani fizikia ya mwendo na kani, cha mwaka wa kwanza, funga simu, fanya maswali kwa kalamu na karatasi kwa miezi sita huku ukiendelea na kozi yako. Mimi nilikuwa nikienda maktaba ya taifa kule Upper Hill kila Jumamosi. Jumamosi moja nzima iliishia kwenye ngazi iliyoegemezwa ukutani: mtu anapanda, sakafu ina msuguano kiasi fulani, je, atafika wapi kabla ngazi haijateleza? Nilitoka saa kumi na moja jioni sijapata jibu. Ndani ya matatu nikajikuta nachora mishale ya kani nyuma ya risiti. Hapo ndipo pa kujichunguza. Ukikosea, unataka kufunga kitabu, au unataka kujua umekosea wapi? Kila mtu hukosea, na alama utakazopata wakati huo hazina uzito mkubwa kama jibu la swali hilo.

Fanya na jaribio moja kwa mikono yako. Funga kufuli kwenye uzi wa mita moja, ulining'inize, ulisukume kidogo, uhesabu mizunguko 20 ya kwenda na kurudi. Itachukua kama sekunde 40. Kutokana na muda huo na urefu wa uzi unaweza kukokotoa mvutano wa dunia hapo chumbani kwako. Mimi nilipata 9.5 badala ya karibu 9.8, nikahangaika siku tatu. Kumbe nilipima uzi hadi pale juu kufuli linapofungwa, ilhali nilipaswa kupima hadi katikati ya uzito wake. Sentimita tatu tu! Nakumbuka furaha ya kuligundua kosa lile kuliko nakumbuka siku ya mahafali.

Hisabati nitaisema kwa ufupi: kama kalkulasi inakuchosha roho, usihame. Fizikia ya chuo ni hisabati kuanzia asubuhi hadi jioni.

Halafu wako wanaosema wamechelewa. Mwanafizikia Mfaransa Louis de Broglie alianza na shahada ya historia. Alipata ya sayansi mwaka 1913, vita vikamkatiza, na tasnifu yake kuhusu mawimbi ya elektroni aliiwasilisha mwaka 1924, akiwa na miaka 32. Miaka mitano baadaye akapewa Tuzo ya Nobel. Edward Witten, mwanafizikia wa Marekani, naye alisoma historia kwanza. Lakini nikimtaja de Broglie husema na hili: alizaliwa kwenye familia ya kitajiri, na kaka yake alikuwa na maabara yake mwenyewe nyumbani. Umri haukumzuia kwa sababu fedha hazikumzuia. Wewe nani atakulipia?

Kwa hiyo uliza mapema. Kama uliacha fizikia kidato cha tatu, soma masharti ya kujiunga kabla hujamwambia mtu yeyote nyumbani. Uliza mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, utakuwaje ukianza upya mwaka wa kwanza. Usiache nafasi uliyo nayo kabla hujashika barua ya nafasi mpya mkononi; ofisi moja ilipoteza faili langu na nikakaa muhula mzima bila darasa lolote. Na kama umebakiza mwaka mmoja, malizia, huku ukifanya maswali yako. Ukibakiza miwili au zaidi, na miezi sita ya maswali imepita hujachoka, mimi ningesema hama.

Wazazi watauliza kazi iko wapi. Iko shuleni, iko kwa watabiri wa hali ya hewa pale Dagoretti Corner, iko kwenye mitambo ya umeme wa mvuke kule Olkaria, iko kwenye mashine za mionzi za hospitali. Wakisema fizikia si ya kwetu, wakumbushe setilaiti iliyorushwa kutoka baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Ilipewa jina la Uhuru kwa sababu ya sikukuu yetu.

Baba yangu hayo yote hayakumgusa. Aliniacha niseme hadi nikamaliza, akanyamaza. Nikaenda chumbani nikaleta daftari zangu tatu za maswali, nikaziweka mezani. Alifungua ukurasa mmoja mmoja, akipita juu ya makosa niliyoyakata kwa kalamu nyekundu na kuyarudia.

"Hii yote umefanya bila mtihani?" akauliza.

"Ndiyo, Baba."

Jumatatu iliyofuata tulikwenda pamoja kupeleka barua ya uhamisho.