Jibu: Mpelelezi binafsi kwenye kesi ya malezi ya mtoto

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, unashuku mzazi mwenzako humwacha mtoto peke yake usiku, zamu yake ya kukaa na mtoto inapofika, na unauliza kama mpelelezi atakusaidia mahakamani.

Anza na wakili. Afadhali yeye ndiye amwajiri mpelelezi, kwa maandishi, ili kazi ilenge kile hakimu anachopima: usalama na ustawi wa mtoto. Mwenzako kuwa na mpenzi mpya peke yake si hoja, ingawa watu wengi humalizia pesa hapo.

Muulize mpelelezi leseni, pale inapotakiwa, na kama amewahi kutoa ushahidi mahakamani. Ripoti isiyo na mtu wa kuitetea akihojiwa na upande wa pili ni karatasi tu. Wengi hulipisha kwa saa, na usafiri unalipiwa kando, kwa hiyo usimwache azunguke wiki nzima. Mpe ratiba ya zamu za kukaa na mtoto, picha ya mwenzako, namba ya gari na zile siku zenye dalili. Tukio moja litapewa kisingizio. Yanayojirudia ndiyo yenye uzito.

Video zionyeshe tarehe na saa, na faili asilia zitunzwe bila kukatwa. Kunasa simu, kuingia kwenye akaunti zake au kubandika kifaa cha kufuatilia gari, usiguse: ushahidi unaweza kukataliwa, nawe ukashtakiwa. Wala usimtume mtoto apeleleze.

Ila kama usiku huu yuko peke yake, piga simu polisi, usisubiri ripoti.